Jina la tufaha halirithiwi kwa mbegu

Mhariri,

Wiki iliyopita katika ukurasa wenu wa kilimo, msomaji aliuliza ni tufaha gani linalofaa kutengenezea saida. Akajibiwa anunue lolote tamu, alile, kisha apande mbegu zake. Mimi ni muuza miche kando ya barabara hapa Kangemi, na jibu hilo lilinichoma.

Kwanza, huo utamu. Saida ni maji ya matufaha yaliyochachishwa yakawa pombe. Hamira huila ile sukari, na kinachobaki kutia ladha ni uchachu na ukakasi, ule ule unaokaza ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Ndiyo maana watu wa Somerset, Uingereza, wametunza tangu karne ya 19 tufaha liitwalo Kingston Black, lenye jina la kijiji cha Kingston St Mary karibu na Taunton. Ni dogo, jekundu la kukolea hadi kukaribia weusi, na si la kula. Lakini maji yake yana sukari, uchachu na ukakasi kwa kadiri inayotosha kutengeneza saida bila kuyachanganya na ya tufaha jingine. Mti wenyewe ni msumbufu, huzaa haba na kushikwa na magonjwa. Hawakuutupa.

Wala hawakuutunza kwa mbegu. Ua la mtufaha kwa kawaida hutaka chavua ya mtufaha wa aina nyingine, kwa hiyo kila mbegu ina wazazi wawili na hujui itafuata upande gani. Kila mti wa Kingston Black uliopo leo ulitokana na kijiti kilichokatwa kwenye mwingine, mkono kwa mkono. Kazi hiyo ya kupandikiza kijiti juu ya shina la mche mwingine naijua. Nachukua kijiti kama penseli, chenye macho matatu, nakikata mshazari, na shina la mche utakaokibeba nalikata vivyo hivyo. Ule utando wa kijani ulio chini ya gome lazima ugusane na mwenzake, kisha nafunga kwa ukanda wa nailoni. Jicho likivimba, hapo ndipo napumua.

Mwaka 2016 nilinunua miche 40 kwa bei ya jumla, nikiambiwa ni Anna, aina ya mtufaha iliyozalishwa Israeli na isiyodai baridi kali. Sikuitazama vizuri. Ilikuwa ya mbegu. Wateja wangu walingoja miaka sita, na kila mti ukazaa la kwake. Mzee mmoja kutoka Limuru alikuja na tunda mfukoni, akaliweka juu ya meza yangu bila kusema neno. Nilimrudishia pesa zake, lakini miaka yake sikuweza.

Sisemi tulete Kingston Black Nairobi. Mti huo hutaka majira ya baridi ambayo hatuna, na hata kijiti cha kigeni hakiingii nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Ninachoomba ni mrekebishe jibu lile, na mchapishe picha ya mche uliopandikizwa. Kovu lake huwa juu kidogo ya udongo, mahali shina linapopinda. Mnunuzi ainame alitafute kabla ya kutoa pesa. Mpiga picha wenu akihitaji mche wa mfano, aje kwangu asubuhi, kabla sijaanza kumwagilia.

Mama Miche,
Kangemi, Nairobi