Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Mwanza: watoeni watoto nje

Mwangaluka, wanangu.

Barua hii ni yenu ninyi mnaolea watoto wadogo huko Buhongwa, Nyegezi, Igoma, Kiseke na kote ambako mji wetu unapanuka. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na siku hizi nikikaa barazani naona jambo linaloniumiza. Gari la shule linapita kuchukua watoto kabla hakujapambazuka. Linawarudisha jua likizama, wamesinzia vitini, vichwa vimelegea. Jumamosi tuisheni. Jumapili katuni, mpaka wakati wa kuoga. Mtoto anamaliza wiki nzima hajakanyaga udongo wala kupanda jiwe, na anaishi Mwanza, jiji la miamba na ziwa!

Nawaombeni muwatoe nje. Sababu yangu ni afya yao, na naanza na macho kwa kuwa hilo wazazi wengi hawajaambiwa.

Jicho la mtoto bado linakua. Mwanga wa mchana ukiliingia, kule ndani hutolewa kemikali iitwayo dopamini, na wataalamu wanaamini ndiyo inayolizuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Likirefuka, mtoto haoni mbali. Maandishi ya ubaoni yanakuwa ukungu, na mwalimu anadhani ni mvivu. Huko Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12 za msingi, na katika nusu yake wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, kwenye shule zilizoendelea na ratiba ya kawaida, watoto 39 hivi katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Kwenye shule zilizoongeza dakika hizo walikuwa 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Taa ya sebuleni haifanyi kazi hiyo, hata iwe kali namna gani, maana mwanga wa nje unazidi wa ndani mara nyingi sana, hata mtoto akiwa kivulini chini ya mwembe.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 hadi 4 achezeshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya runinga wala simu kabisa. Najua dada wa kazi ana vyombo, ana nguo, ana jiko, na simu ndiyo inayomnyamazisha mtoto. Basi mpangieni dada muda wa kutoka naye. Na yeye ni binti wa watu, anahitaji hewa. Kuhusu mifupa sitarefusha: ngozi ikipata jua mwili hutengeneza vitamini D, na ikikosekana watoto hupata matege.

Wodini nilijifunza kitu kingine. Mgonjwa akianza kupata nafuu, ombi lake la kwanza mara nyingi lilikuwa kitanda cha dirishani, au asogezwe varandani alione ziwa. Tuliwasogeza, na walilala vizuri zaidi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha alichokiona katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa wote walikuwa wamepasuliwa kuondolewa mfuko wa nyongo. Wengine dirisha lao lilitazama miti, wengine lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Walikuwa wagonjwa 46 tu, lakini muuguzi yeyote aliyekesha wodini anajua kilichokuwa kinasemwa pale.

Na ninyi wenyewe mmechoka, nawaona. Uchunguzi wa watu karibu 20,000 huko Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa wanaokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki ndio waliosema zaidi kwamba wana afya nzuri na wameridhika na maisha. Ziwe kwa mkupuo au kidogo kidogo, yote sawa. Saa mbili hizo Jumamosi moja asubuhi inazimaliza.

Nauli si lazima. Mwanza ukitoka kidogo tu nyuma ya nyumba unakuta mwamba. Mpeleke mtoto asubuhi, jiwe likianza kupata joto, mkae kimya. Pimbi watatoka kwenye nyufa, mama na vitoto, wajipange kuota jua, kwa sababu miili yao haishiki joto vizuri na usiku umewapoza. Kisha atatokea yule mjusi dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, apande juu ya jiwe aanze kupiga pushapu. Wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Mwonyeshe mtoto na mzizi wa mkuyu ulivyojipenyeza kwenye ufa, aushike kwa mkono. Mwenye uwezo ampeleke Saanane, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, boti dakika chache tu kutoka mjini, akaone swala.

Sasa hatari, maana najua mtaniuliza. Kichocho kipo ziwani. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama kwenye maji ya kina kifupi. Kuchezesha miguu tu kunatosha. Anayewaambia kuwa mzawa wa hapa hakimpati anawadanganya. Kaeni juu ya jiwe kavu, ziwa mlitazame, upepo uwapige. Mamba pia wapo, kwa hiyo mtoto asisogee ukingoni peke yake. Dawa za kichocho zikigawiwa shuleni, mruhusuni mtoto ameze, awe amekula kwanza. Rudini kabla ya giza kwa ajili ya mbu. Mtoto mwenye ualbino atoke asubuhi au alasiri, na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Asifungiwe ndani, yeye pia anataka kumwona pimbi.

Jambo moja linanisikitisha sana: mnajenga, mnakata mwembe kwa kuwa majani yanachafua uwanja, kisha mnatandaza peivingi geti mpaka mlango. Mchana uwanja unaunguza nyayo, mtoto anakimbilia ndani. Acheni hata mti mmoja, na kipande cha udongo cha kuchimbia.

Na kikao cha wazazi kijacho, simameni muulize mwalimu mkuu maswali mawili: watoto wetu wanakaa nje dakika ngapi kwa siku, na kwa nini gari linawachukua gizani. Msikubali kujibiwa kwa matokeo ya mitihani. Mkiwa wengi mtasikilizwa, na nikialikwa nitakuja kusema nanyi.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Nyegezi, Mwanza