Flashi yako ipo kwenye droo yangu

Mwanangu,

Marahaba, naitikia kabisa kabla hujaniamkia maana hata ukininunia shikamoo hujawahi kuninyima. Leo siku ya tatu unachukua sahani unaenda kula chumbani, ukiulizwa kuna nini unasema hamna kitu, mama yako ananiangalia kama mimi ndo mkosaji. Na kidogo ana haki, maana kuchomoa flashi kwenye tivii mbele ya binamu zako bila kusema neno haikuwa poa, hilo nakubali. Nimeamua nikuandikie coz tukiongea tutabishana tu na ubishi wenyewe umeurithi kwangu.

Kwanza sijaifuta. Saving Private Ryan, ile muvi ya vita mliyokuwa mnaangalia, ipo hapo hapo kwenye flashi, haijaguswa.

Uliniuliza kitu kimoja cha maana nikakupuuza, kwamba mbona zile muvi za jamaa mmoja anaua watu mia nakuachia na hata mimi nakaa naangalia huku nakula karanga. Kweli nakaa. Yani ulinibana, na usiku ule nilikosa jibu ndo maana nikaishia kusema "kwa sababu nimesema mimi". Sa jibu nimelipata ila refu, vumilia.

Hiyo muvi ilitoka 1998. Mimi niliiona kama miaka miwili hivi baadaye, kwenye kibanda umiza Manzese, nina miaka kama 14, karibu sawa na wewe, shilingi 50 unaingia unabanana kwenye benchi na joto lile. Ilikuwa imetafsiriwa, na DJ aliyeitafsiri alikuwa anajua kuchekesha huyo mtu we acha tu. Kuna askari pale ufukweni mkono umekatika, anazunguka anautafuta, anauokota anaondoka nao. DJ akamwekea maneno yake pale kama anatafuta ndala iliyopotea msikitini, kibanda kizima tukacheka mpaka mtu akaanguka benchi. Na mimi nikacheka. Nilirudi nyumbani nikawasimulia wenzangu kama stori ya kuchekesha, na kwa miaka mingi sana kichwani kwangu hiyo ilikuwa muvi ya kuchekesha yenye milipuko.

Sa juzi nyie mmelala nimeichomeka kwenye laptopu, nikavaa iafoni, nikaiangalia yote dakika 169, nimemaliza saa nane usiku. Ile ya mwanzo, Wamarekani wanashuka ufukwe wa Omaha, Normandy kule Ufaransa, kupigana na Wajerumani tarehe 6 Juni 1944, inachukua kama dakika 25 na hupati pa kupumulia. Sitakudanganya kwamba damu ndo iliyonisumbua. Damu ni rangi, na ufukwe wenyewe sio hata Ufaransa, walishuti Ireland, na wale waliokatika viungo wengine ni watu wenye ulemavu kweli walivalishwa mikono na miguu ya bandia ikalipuliwa. Ukijua hivyo macho yanazoea. Masikio ndo hayazoei. Kuna sehemu kapteni, yule Tom Hanks, bomu linapiga karibu yake anakuwa kiziwi, sauti zote zinakuwa kama upo chini ya maji, unaona tu midomo ya watu inapiga kelele, halafu sauti inarudi yote kwa mara moja. Kati ya Oscar 5 ilizopata 2 ni za mambo ya sauti, na nikiwa na iafoni usiku ule niliona kwa nini, ila kwenye kibanda hatukuisikia hata kidogo, DJ aliifunika.

Alafu kuna yule daktari wao wa kikosi. Anapigwa risasi, wenzake wamemzunguka wanamuuliza tukufanyie nini, tuelekeze, na yeye kwa sababu kazi yake ni hiyo anapapasa kidonda anajua mwenyewe ni ini. Anaomba mofini, ile dawa kali ya maumivu. Wanamchoma. Anaomba nyingine, na wanaangaliana wote kimya maana wanajua nyingine maana yake nini, na wanamchoma. Anamwita mama yake. Nilisimamisha hapo nikaenda jikoni kunywa maji. Hapo kibandani nakumbuka sisi tulikuwa tunapiga miluzi tunataka waendelee na mapigano.

Na ya kisu ghorofani siisimulii. Ni ya taratibu, mtu anaongea kwa sauti ya chini kama anambembeleza mtoto alale, huku anamchoma, na mwenzake huyo anayechomwa yupo kwenye ngazi, mikanda ya risasi ameivaa shingoni, ameganda hawezi kupanda. Hiyo tu ingetosha mimi kuchomoa flashi.

Sasa zile za mtu mmoja anaua mia, niambie, umewahi kumwona mama wa hata mmoja kati ya wale mia? Hawana mama wale. Huku kuna mama mmoja Iowa, Marekani, anaosha vyombo, anaona kwa dirishani gari inakuja na vumbi, wanamletea habari kwamba wanawe wamekufa vitani, anatoka barazani, na kabla hawajasema kitu miguu inamuishia anakaa chini. Hakuna tone la damu. Mama yako alipita nyuma yangu wakati huo, akasimama, akasema zima.

Kingine, na hiki ndo kilichoniuma zaidi. Baada ya ufukwe kuna askari wawili wamenyoosha mikono juu, wanaongea kitu, Wamarekani wanawapiga risasi halafu wanataniana. Hakuna maandishi ya tafsiri chini pale. Nilikuja kusoma kwamba wale walikuwa wanaongea Kicheki, lugha ya watu wa Czech, wala sio Wajerumani, waliingizwa jeshi la Wajerumani kwa nguvu. Muvi haikuambii. Kama hujui unacheka na wale Wamarekani, kama mimi nilivyocheka. Sasa we na binamu zako wanne, sauti juu, mmoja anarekodi kwa simu, mngefika pale mngefanyaje? Najua, mi mwenyewe nimekaa kwenye benchi hilo.

Marekani waliipa R, maana yake chini ya miaka 17 huingii sinema bila mzazi au mtu mzima, Uingereza wakasema 15. Yule kijana anayejaza muvi kwenye flashi pale stendi hana habari za 15 wala 17, ana habari za buku lake. Mi pia hizo namba sizishiki kama msahafu, we una miaka 13 na kuna mambo unayaelewa kuliko baba mdogo wako. Ila mdogo wako ana 8 na alikuwa pale nyuma ya kochi siku ile, ulimwona? Mimi nilimwona.

Halafu kuna babu. Unajua alipigana Vita vya Kagera, unajua walitembea kwa miguu wakaingia Kampala Aprili 1979, hiyo unaisimulia shule. Usichojua ni kwamba nyumba yetu ya Tanga ilikuwa na mwembe juu ya bati, na msimu wa maembe embe likidondoka usiku, paa, mzee alikuwa anashuka chini ya kitanda. Halafu anakaa ukingoni miguu chini mpaka alfajiri, hasemi kitu. Bibi yako ndo aliyemwita fundi akaukata ule mti, sisi watoto tukalia maembe yetu. Ukimuuliza vita anakuambia habari za ndizi za Masaka zilivyokuwa tamu, basi.

Anakuja Desemba. Nitamuuliza mwenyewe, pembeni, na kama atasema ataangalia tutakaa watatu, mimi, yeye na we. Akisema hapana tutasubiri mpaka aondoke tuangalie wawili. Mdogo wako siku hiyo atalala kwa mama mdogo. Tutasimamisha popote ukitaka, na ukitaka kutoka unatoka, hakuna atakayekucheka. Binamu zako hawapo kwenye mpango, usinibembeleze.

Na rimoti naishika mimi, sauti haizidi 12.

Njoo ule mezani leo, kuna samaki wa kupaka.

Baba