Kwa Makame, kuhusu taa ya tangi la matumbawe

Mji Mkongwe, Unguja

Sahibu yangu Makame,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo sote, alhamdulillahi, na mama anakushukuru sana kwa shokishoki. Zimefika hazijaharibika hata moja.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Skuli kukupa chumba cha maabara, na tangi la lita 200 kufika Wete salama, ni khabari kubwa. Watoto wengi wa Pemba wanalala wakisikia bahari lakini hawajawahi kuliona tumbawe hai likifungua vidole vyake. Nataka jambo hili lisimame kama unavyotaka wewe.

Umeuliza taa gani ununue, kisha ukauliza swali ambalo naona ndilo la kuanza nalo: kwa nini tangi lisikae uani, maadamu jua la Mungu tunalo bure?

Jua si adui wa matumbawe. Ndani ya nyama ya tumbawe mna mwani mdogo mno, wa chembe moja moja, unaotumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ndiyo inayomlisha mwenyeji wake. Shida ni uchache wa maji. Bahari ya kisiwa chenu cha Misali hupwa na kujaa, na jua la mchana mmoja haliipandishi joto kwa ghafla. Lita 200 ndani ya kioo, katika kaskazi, hazina kinga hiyo. Matumbawe ya tangini hukaa vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 27, na tangi lililoachwa juani litapita 30 upesi. Joto likizidi na mwanga nao ukiwa mkali, ule mwani huanza kutoa oksijeni yenye sumu badala ya faida, na tumbawe huutema. Hapo ndipo linapobaki jeupe. Ndivyo ilivyotokea kwenye miamba yetu 1998, na tena 2016. Bado hujahesabu mvua ya masika ikiingia tangini na kuipunguza chumvi. Kwa hivyo liweke ndani, mbali na dirisha linalopigwa na jua, mwanga tuuongoze wenyewe.

Sasa taa. Kwanza, usiichague kwa macho. Macho yetu huona sana kijani na manjano, lakini maji ya bahari huimeza rangi nyekundu katika mita chache za juu, na bluu ndiyo inayoshuka chini kuliko zote. Tumbawe limezoea kuishi kwa bluu. Taa ya samaki wa maji yasiyo na chumvi, ile nyeupe ya kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), itakung'aria chumba kizima na bado isiwe chaguo zuri. Tafuta yenye bluu nyingi, ya urefu wa mawimbi wa nanometa 420 hadi 480, pamoja na nyeupe kidogo, na kila rangi iwe na swichi yake. Ukiwasha bluu peke yake utaona kwa nini naisisitiza: matumbawe mengine huwaka kijani na chungwa, kwa sababu yana protini zinazopokea bluu na kuirudisha kwa rangi nyengine. Wanafunzi wako hawatataka kutoka maabara siku hiyo.

Pili, nguvu yake. Hii hupimwa kwa PAR, yaani kiasi cha mwanga unaofaa kwa mimea unaoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, kwa hesabu ya maikromoli. Jua la saa sita mchana nje huku kwetu hufika karibu 2,000. Usitishike. Matumbawe laini na yale ya umbo la uyoga hutosheka na 50 hadi 150. Magumu yenye nyama nene hutaka kiasi hicho hicho au zaidi kidogo. Yenye matawi, Acropora na jamaa zake, ndiyo yanayodai 200 hadi 350, na hayo hayasamehe maji yanayoyumba.

Ushauri wangu ni huu, na nausema kwa moyo mmoja: mwaka wa kwanza weka matumbawe laini tu. Anza na Sarcophyton, lile linalofanana na ngozi, halafu uyoga, halafu Xenia inayofumba na kufumbua mikono yake mbele ya macho ya watoto. Ukishaamua hivyo, nusu ya swali la taa limejijibu, maana huhitaji taa ya kuunguza.

Chukua LED. Zile za metali halaidi hutoa mwanga mzuri ajabu, wenye vimulimuli vya mawimbi kama bahari kweli, lakini joto lake kwa hali ya hewa yetu utalilipia mara mbili: mara ya taa, mara ya kupoza maji. Mirija ya T5, yaani taa nyembamba za tyubu, hueneza mwanga sawasawa, ila hubadilishwa kila baada ya miezi 9 hadi 12, na sijui Wete utaipata wapi. Piga hesabu ya Tukuza pia, umeme wa kulipia kabla: LED ya wati 50 ikiwaka saa 9 kwa siku inakula yuniti kama 13 na nusu kwa mwezi, halaidi ya wati 150 inapindukia 40. Baina ya LED mpya ya chapa isiyojulikana na ile ya chapa inayojulikana kwa matumbawe, Kessil au AI Prime, iliyokwishatumika lakini nzima, mimi ningechukua iliyotumika. Uulize wati zinazovutwa ukutani, siyo namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi.

Taa moja ya aina hiyo hutosha eneo la sentimita 60 kwa 60. Kama tangi lako lina urefu wa mita moja, panga mbili ndogo badala ya moja kubwa katikati, kwani moja huacha vivuli nyuma ya mawe na kuchoma pale chini yake. Itundike sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Kila wiki ifute kioo chake kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, taa ikiwa imezimwa, kwa sababu chumvi inayorukia pale hukauka ikawa utando mweupe, na mwanga hupungua bila wewe kujua.

Kuhusu kuwasha: anza chini, asilimia 25 au 30, uongeze 5 kila wiki. Iwake saa mbili asubuhi, izimwe saa kumi na moja jioni, na zile saa 5 za katikati ndizo ziwe za nguvu. Taima ifanye kazi hiyo, siyo mkono wa mwanafunzi. Uyoga ukirefusha shingo kuelekea juu, mwanga ni mdogo. Tumbawe likififia rangi na kujikunyata, mwanga umezidi, lishushe chini kabla hujagusa taa. Lakini Sarcophyton ikijifunga siku kadhaa, ngozi yake ikang'aa kama nta, usihangaike: inajivua utando, itafunguka.

Umeme ukikatika, taa iache. Matumbawe yatavumilia siku moja mbili za giza. Yasichovumilia, pamoja na samaki, ni maji yaliyosimama yakaishiwa hewa. Betri uliyonayo ifunge kwenye pampu. Tangu kebo ya umeme ya Tanga ifike kwenu 2010 mambo ni nafuu, lakini sisi Unguja hatujasahau giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Na kila waya uuache ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni. Mwambie fundi atie breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kuna watoto hapo, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno.

Jambo moja nakuomba kama ndugu. Using'oe tumbawe mwambani, hata kipande, hata kwa jina la skuli. Misali ni hifadhi tangu 1998. Nenda ofisi ya uvuvi na barua ya mwalimu mkuu, waeleze kusudio lako, ruhusa itoke kwa maandishi. Matumbawe magumu yamo pia katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo ya kutoka nje nayo yana karatasi zake.

Nipimie kina cha tangi, kuanzia uso wa maji mpaka mchangani, uniletee jawabu kabla hujalipa shilingi yoyote. Kipimo changu cha PAR nitampa mtu anayesafiri na meli ya Mkoani, ukae nacho mpaka umalize kupanga mawe.

Nisalimie mzee na watoto.

Wako,
Suleiman