Ndege wadogo wanaokufa nao wachunguzwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua. Habari za maradhi ya ndege hapa kwetu huishia kwenye banda la kuku. Mdondo ukiingia kijijini matangazo hutolewa upesi, lakini chiriku au chozi akiokotwa chini ya mti amekufa, hakuna anayeuliza kilichomuua.

Mwaka 1999 kunguru, ambao wataalamu huwaweka katika kundi moja na ndege waimbao, walikufa kwa wingi jijini New York, na wakazi wa jiji hilo nao wakalazwa hospitalini kwa uvimbe wa ubongo. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni virusi vya St. Louis, vilivyozoeleka Marekani. Tracey McNamara, mtaalamu wa maradhi ya wanyama katika bustani ya wanyama ya Bronx, hakuridhika na jibu hilo, kwa kuwa virusi hivyo havikuwa na kawaida ya kuua ndege, ilhali yeye alikuwa akiipasua mizoga yao. Hatimaye ilibainika kuwa ni virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa mwaka 1937 nchini Uganda, katika damu ya mwanamke mwenye homa. Watu 7 walifariki dunia katika mlipuko huo.

Virusi vya Usutu, ndugu wa karibu wa hivyo, vilipatikana kwa mbu kusini mwa Afrika mwaka 1959, na mwaka 2001 vikaangamiza ndege weusi wenye mdomo wa manjano ambao huimba alfajiri katika bustani za Vienna. Ndege aliyeambukizwa hujikunyata ardhini manyoya yakiwa yamemtimka, hashtuki mtu akimkaribia, na hufa baada ya siku chache. Mbu wa jamii ya Culex humfyonza damu na kuvipeleka virusi kwa mwingine. Binadamu huumwa na mbu huyohuyo, ingawa kwa kawaida virusi havizaliani mwilini mwake kiasi cha kumwambukiza mbu mwingine.

Ujerumani wananchi wa kawaida hutoa taarifa za ndege hao wanaokufa na kutuma mizoga kwenye maabara, ikiwemo ya Taasisi ya Bernhard Nocht mjini Hamburg. Sisi, ambao virusi hivi vilionekana kwanza barani mwetu na ambao kila mwaka tunawapokea mbayuwayu kutoka Ulaya, tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Naziomba idara za mifugo na za wanyamapori zitangaze namba moja ya simu ya kupokea taarifa hizi, maofisa mifugo wa kata waelekezwe kupokea mizoga ya ndege wa porini kama wanavyopokea ya kuku, na wananchi waelezwe wasiiguse kwa mikono mitupu. Kazi hiyo ianze kabla ya masika, kwa kuwa mvua zikishatuamisha maji, mbu huongezeka haraka.

Msomaji wenu,
Morogoro