Wajukuu Zangu wa Tandahimba, Mwacheni Bibi Ashike Simu Yake

Wajukuu zangu,

Juzi kwa wakala nimekasirika, na hasira haijaisha. Fedha za korosho zimeingia, mama mmoja mtu mzima kafika na kitochi chake. Mjukuu akamnyang'anya: "Leta Bibi, wewe hujui." Akabonyeza chapuchapu, kisha akauliza kwa sauti, "Namba ya siri?" Masikini, akaitaja. Foleni nzima ikasikia.

Huko ndiko kusaidia? Najua mnawapenda bibi zenu. Lakini kesho unapanda basi kwenda Dar es Salaam, na yeye anabaki na simu asiyoijua. Hapo ndipo inapoingia ile meseji, "ile hela tuma kwenye namba hii," naye anatuma fedha ya palizi, ya dawa ya salfa, ya mgongo ulioinama mikoroshoni akiokota.

Simu ikae mkononi mwake. Wewe mikono nyuma. Msomee menyu taratibu, abonyeze mwenyewe. Akikosea, aanze tena kwenye nyota, hata mara kumi. Msiniambie hakusoma. Tarakimu anazijua: akiwa kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, kilo hata moja haimpiti. Mwonyeshe jina la anayepokea kabla hajathibitisha, mkae hapo mpaka alielewe. Ikifika namba ya siri, geuza uso. Hata kama ni bibi mzaa mama yako, geuza uso.

Mengine ni mafupi. Meseji ya kitapeli itumwe 15040. Apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Sauti za WhatsApp zisisambazwe kabla hamjajua zimetoka wapi.

Nanyi mnaotuletea semina za kidijitali, mnanisikitisha. Mnakuja Novemba, watu wako shambani. Mnawaita vijana wenye simu janja, mnapiga picha, mnaondoka. Mnada wa korosho wenyewe sasa unakwenda kwa mtandao kupitia TMX, lile Soko la Bidhaa Tanzania, malipo yanapita benki, halafu mwenye shamba ndiye asiyefundishwa! Waulizeni kwanza akina mama wana nafasi siku gani. Mkija, leteni somo la kitochi, kwa Kiswahili, na kila mmoja aondoke ametuma shilingi mia tano kwa mkono wake mwenyewe.

Bibi yenu,
Tandahimba