Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, nami sitaziingilia. Nizungumzie kazi iliyotula muda mwaka huu: historia ya East Broad Top, reli ndogo ya makaa ya mawe ya huku huku Pennsylvania tunakoishi.

Kampuni ilipata hati mwaka 1856, lakini ujenzi ulianza 1872. Kufikia 1874 treni zilikuwa zikishusha makaa kutoka milimani hadi mji wa Mount Union. Upana wa njia, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni futi tatu, kama sentimita 91. Reli ya Kati ya Tanzania tuliyokulia baadhi yetu, ile ya mita moja, tuliiona nyembamba. Kumbe kuna nyembamba zaidi!

Kilichozua maswali mengi kwenye vikao ni Mount Union. Hapo njia nyembamba ilikutana na reli pana, na mabehewa ya reli pana hayawezi kupita juu ya njia nyembamba. Mafundi wakatumia winchi iliyowekwa kwa ajili ya kupakia magogo. Behewa linainuliwa, magurudumu yake yanasukumwa pembeni, ya njia nyembamba yanaingizwa, linateremshwa. Ukiliona linaondoka, utadhani mtu mnene kavaa viatu vya mtoto.

Soko la makaa lilipolala, mwaka 1956 reli ilifungwa ikauzwa kwa Nick Kovalchick, mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Mtu wa kazi hiyo angeing'oa yote na kuiuza kwa kilo. Yeye aliiacha, na 1960 akarudisha treni kwa ajili ya watalii. Katibu anasema alikuwa anavizia bei ya chuma. Mimi nasema aliipenda. Ubishi huo bado haujaisha.

Baada ya msimu wa 2011 treni zilisimama tena, hadi taasisi isiyo ya kibiashara ilipoinunua reli mwaka 2020. Mwaka 2023 kichwa cha treni namba 16, kilichozimwa tangu 1956, kikawashwa.

Safari yetu ya Mei ya kwenda kwenye reli hiyo, samahani, ilivunjika: tulilipia basi la watu arobaini, likaletwa la ishirini na tano. Fedha zimerudishwa. Tutakwenda Oktoba, na nimeomba tuanzie karakana ya reli hiyo, iliyoko Rockhill Furnace, ambako mhimili mmoja darini huzungusha mashine kwa mikanda. Waliokwisha kujiandikisha wasijiandikishe upya. Majina yao anayo katibu.