Stourhead: shukeni Gillingham ya Dorset

Mhariri,

Wasomaji wenu walioko Uingereza wanaotaka kuiona bustani ya Stourhead, Wiltshire, wapande treni London Waterloo, washuke Gillingham ya Dorset. Ipo Gillingham nyingine, Kent. Ukikata tiketi ya huko, siku imepotea. Toka stesheni ni kama kilomita 10, kwa hiyo teksi iwekwe mapema.

Ziwa la bustani lizungukwe kinyume cha mwendo wa saa. Henry Hoare, aliyeianza bustani hiyo miaka ya 1740, aliyapanga mahekalu yajitokeze kwa zamu, lile kubwa liitwalo Pantheon likionekana kwanza ng'ambo ya maji. Kuanzia upande wa pili ni kusoma shairi toka ubeti wa mwisho. Ndani ya pango lililo njiani mna giza na mawe huteleza: vaeni viatu vinavyoshika. Oktoba, majani yakigeuka rangi, ndio mwezi wake.

Msomaji, London